Kwa nini albamu hutoka Ijumaa, na kwa nini wasanii wa nchi jirani hawaifuati siku hiyo daima

Ijumaa ya tarehe 11 Julai 2025 ilikuwa siku nzito kwa wapenzi wa muziki. Justin Bieber wa Kanada alitoa Swag, albamu yenye nyimbo 21, ambayo kuwapo kwake kulijulikana saa chache tu kabla ya kutoka. Burna Boy wa Nigeria alitoa No Sign of Weakness yenye nyimbo 16, akiwa amewaalika Mick Jagger, Travis Scott na Stromae, Mbelgiji ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda. Clipse, ndugu wawili wa jimbo la Virginia nchini Marekani, walirejea na Let God Sort Em Out, albamu yao ya kwanza tangu mwaka 2009. Kutoka Kisiwa cha Wight, Uingereza, bendi ya Wet Leg ilileta Moisturizer. Hizo ni nne tu miongoni mwa nyingi zilizoingia sokoni siku ile ile, kabla watu hawajaamka kwenda kazini.

Sisi tunaotafsiri habari za mashirika ya nje tunazifahamu vyema Ijumaa za namna hii. Majina humiminika, kila moja likidai nafasi, na anayesikiliza kwa Kiswahili hufikiwa na mawili au matatu tu. Swali ambalo wasikilizaji hutuuliza ni jepesi, lakini jibu lake lina historia: ni nani aliyeamua kwamba albamu za dunia nzima zitoke Ijumaa? Na mbona Diamond Platnumz, Harmonize au Ali Kiba wakati mwingine hutoa za kwao Jumatano, Alhamisi au Jumamosi?

Makubaliano ya mwaka 2015

Kabla ya mwaka 2015 kila soko kubwa lilikuwa na siku yake. Uingereza na Ufaransa zilitoa albamu mpya Jumatatu, Marekani Jumanne, Ujerumani na Australia Ijumaa. Katika enzi ya santuri na kanda jambo hilo halikumsumbua mtu. Mnunuzi wa Chicago hakuwa na njia ya kuingia duka la Sydney, na siku nne za tofauti zilikuwa siri ya wasafiri.

Intaneti ndiyo iliyovuruga utaratibu huo. Albamu iliyotoka Australia Ijumaa ilikuwa imekwisha kunakiliwa na kusambazwa bure mtandaoni Jumamosi, huku mashabiki wa Marekani wakiambiwa wangoje hadi Jumanne. Wengi hawakungoja. Kampuni za kurekodi zilikuwa zikiwafundisha wateja wao wizi bila kukusudia. Kisha Desemba 2013 Beyoncé akatoa albamu yenye jina lake mwenyewe bila tangazo lolote, kwa dunia nzima kwa wakati mmoja, kupitia duka la mtandaoni la iTunes. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 13. Katika siku tatu za mwanzo iliuzwa zaidi ya nakala 828,000 duniani, na kati ya hizo zaidi ya 617,000 zilikuwa za Marekani peke yake. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba Jumanne ina baraka ya pekee.

Februari 2015 Shirikisho la Kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, IFPI, lenye ofisi kuu London, lilitangaza kwamba kuanzia kiangazi cha mwaka ule albamu na nyimbo mpya zingetoka Ijumaa, saa sita na dakika moja usiku kwa saa ya kila nchi, katika nchi zaidi ya 45. Utaratibu ulianza tarehe 10 Julai 2015. Siku hiyo hiyo kipindi cha chati cha BBC Radio 1, ambacho vizazi vya Waingereza walikisikiliza Jumapili jioni, kilihamia Ijumaa. Jarida la Billboard la Marekani nalo lilibadili wiki yake ya hesabu: iliyokuwa ikianza Jumatatu na kwisha Jumapili ikawa ya kuanza Ijumaa na kwisha Alhamisi.

Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kuziba mwanya wa wizi, na kuwafikia watu mwishoni mwa wiki wanapokuwa na nafasi ya kusikiliza na fedha ya kutumia. Hazikuwa sababu mbaya. Lakini si wote walioafiki. Martin Mills, mwasisi wa Beggars Group, ambayo ni miongoni mwa kampuni huru kubwa za Uingereza, aliupinga mpango huo hadharani. Hofu yake ilikuwa kwamba siku moja kwa wote ingewanufaisha wachache wenye majina na kuwasukuma wengine pembeni. Hata Japani, soko la pili kwa ukubwa duniani, haikuiacha kabisa desturi yake ya kutoa CD za wasanii wa nyumbani Jumatano.

Tukumbuke pia kwamba mjadala huu wote ulihusu maduka, chati na wanunuzi wa Ulaya, Amerika, Japani na Australia. Masoko ya Kariakoo, River Road au Kinshasa hayakuwa yakipimwa na mtu katika hesabu hizo.

Wiki inavyohesabiwa

Ili kuelewa kwa nini wiki yenye msongamano ni jambo la kuogopwa, yafaa kujua kinachohesabiwa. Zamani hesabu ilikuwa nyepesi: nakala moja iliyouzwa ni nakala moja. Tangu Desemba 2014 chati kuu ya albamu ya Billboard hujumlisha mauzo pamoja na usikilizaji wa mtandaoni, na kila kitu hugeuzwa kuwa kizio kimoja kiitwacho kwa jumla albamu. Kwa kanuni zilizowekwa mwaka 2018, ambazo ndizo zilizotumika Julai 2025, nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,250 na watu wanaolipia huduma, hiyo ilikuwa sawa na albamu moja iliyouzwa. Wale wanaosikiliza bure, kwa kuvumilia matangazo, walihitaji mara 3,750 kufikia kizio hicho hicho.

Hesabu hii ina matokeo ambayo mtu hayaoni mara moja. Anayelipia huduma akiisikiliza Swag mwanzo hadi mwisho, ameongeza mara 21. Kwa kanuni hizo, watu 60 hivi wakifanya hivyo, albamu ilihesabiwa kuuzwa moja. Albamu yenye nyimbo 10 ilihitaji watu 125. Sasa chukua albamu ya taarabu ya kisasa, yenye nyimbo sita na kila wimbo ukivuka dakika kumi: ilihitaji watu zaidi ya 200 wa kuisikiliza yote ili ipate kile ambacho nyimbo 21 fupi zilipata kwa watu 60, ingawa muda waliokaa wakisikiliza unaweza kuwa ni ule ule au zaidi. Spotify huuhesabu wimbo kuwa umesikilizwa pindi unapopita sekunde 30. Baada ya hapo, sebene la rumba ya Kongo linaloingia dakika ya tano halimwongezei mwanamuziki chochote katika daftari.

Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kutunga wimbo mrefu. Pengine hawajui. Lakini anayeandika nyimbo fupi nyingi badala ya ndefu chache anafuata kanuni za malipo na hesabu zilizotungwa mbali naye, na si haki kumlaumu yeye peke yake.

Jambo la pili ni saa ya kuanzia. Kwa kuwa wiki ya hesabu huanza Ijumaa, albamu inayotoka Ijumaa hupata siku saba kamili kabla hesabu haijafungwa Alhamisi usiku. Inayotoka Jumatano hupata mbili tu, kisha wiki yake ya pili, ambayo kwa kawaida ni dhaifu, huonekana kuwa ya kwanza yenye siku saba. Kwa kampuni inayotaka nafasi ya juu, hakuna siku nyingine yenye maana.

Jambo la tatu ni orodha za nyimbo zinazoandaliwa na huduma zenyewe. Kila Ijumaa Spotify hubadilisha orodha zake za nyimbo mpya, ikiwemo ile inayotengenezwa kwa kila msikilizaji kulingana na wasanii anaowafuata. Msanii anayetaka wimbo wake uwafikie wafuasi wake kwa njia hiyo, na upate kusikilizwa na wahariri wa orodha kubwa, sharti auwasilishe angalau siku saba kabla. Hivyo Ijumaa, iliyoanza kama makubaliano ya maduka, sasa imeingizwa ndani ya programu za kompyuta, na msanii mdogo asiye na uhusiano wowote na IFPI hujikuta amepanga foleni moja na Bieber.

Yaliyotokea Julai 2025

Rudi sasa kwenye ile Ijumaa ya tarehe 11 Julai, ambayo kwa bahati iliangukia miaka kumi na siku moja tangu utaratibu uanze. Mtu angetarajia Bieber ashinde. Alikuwa na siku saba kamili, jina kubwa kuliko wote, na mshangao wa kutoa albamu bila maandalizi marefu ya hadharani.

Jumapili, tarehe 13, siku ambayo hakuna kampuni ingeichagua kwa kufuata kitabu, Travis Scott na wenzake wa kundi lake walitoa JackBoys 2. Travis Scott huyo ndiye aliyekuwa ameimba katika albamu ya Burna Boy iliyotoka siku mbili nyuma. Hesabu za Marekani zilipofungwa Alhamisi, JackBoys 2 iliyokuwa na siku tano tu sokoni ilikuwa ya kwanza kwa vizio 232,000. Swag ilikuwa ya pili kwa vizio 163,000. Nafasi ya tatu ilishikwa na albamu ya Morgan Wallen, mwimbaji wa kantri, iliyokuwa sokoni tangu Mei. Clipse wakawa wa nne kwa vizio 118,000.

Tofauti ya hao wawili wa juu haikuwa ya wingi wa wasikilizaji. Vizio vya Bieber vilitokana karibu vyote na usikilizaji wa mtandaoni. Vya Travis Scott, sehemu yake kubwa ilikuwa albamu zilizonunuliwa hasa, kwa fedha, na mashabiki waliotaka kuwa na kitu mkononi. Kwa maneno mengine, katika mwaka 2025 biashara ya kale ya kumuuzia mtu nakala ndiyo iliyoamua nani awe wa kwanza, tena kutoka siku isiyo rasmi. Jambo hili lafaa kukumbukwa na wale wanaowaambia wasanii wetu kwamba mauzo ya nakala yamekufa na kuzikwa.

Nchini Uingereza mambo yalikwenda kwa namna nyingine kabisa. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Wet Leg, bendi iliyo chini ya Domino, kampuni huru na si moja ya zile tatu kubwa. Hofu ya Martin Mills haikutimia pale, walau si wiki ile. Bendi hiyo ilikuwa na mashabiki wa nyumbani walio tayari kununua, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 2022 ilikuwa imefika nafasi hiyo hiyo.

Na Burna Boy? Huyu ni mwanamuziki ambaye Septemba 2023, kwa albamu ya I Told Them..., alikuwa msanii wa kwanza wa afrobeats kutoka nje ya Uingereza kushika nafasi ya kwanza ya chati ya albamu ya nchi hiyo. Alishinda tuzo ya Grammy mwaka 2021. Julai 2025 hakuonekana katika kumi bora za Marekani. Ni rahisi kusema kwamba nyota yake imefifia, na wako waliosema. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka. Burna Boy anasikilizwa Lagos, Accra, Nairobi na Dar es Salaam na watu wengi wanaotumia huduma za bure, na wote hao hawamo katika chati ya Marekani, ambayo huhesabu Wamarekani tu. Chati hiyo haikutungwa ili kutueleza Afrika ilisikiliza nini.

Afrika Kusini imekuwa na chati yake rasmi tangu mwaka 2021, na Nigeria ina TurnTable, iliyoanza mwaka 2020. Katika Afrika Mashariki, mtu anayetaka kujua albamu gani inaongoza bado hutazama idadi za YouTube, orodha za Boomplay na Apple Music, na maoni ya watangazaji. Vyote hivyo vina manufaa, lakini kila kimoja hupima dirisha lake tu.

Kutoa, kuachia, kuzindua

Kiswahili kina maneno matatu kwa jambo hili, na mfasiri akiyachanganya hupotosha habari. Albamu hutolewa, au hutoka, pale inapopatikana kwa yeyote anayetaka kuisikiliza. Vijana husema msanii ameachia albamu, neno ambalo magazeti ya michezo na burudani yamelizoea na ambalo sisi wa taarifa za habari tungali tukilikwepa. Kuzindua ni jambo jingine: ni hafla, yenye ukumbi, wageni, mavazi na hotuba, na inaweza kufanyika kabla albamu haijatoka, siku inapotoka, au wiki kadhaa baadaye. Katika nchi jirani tarehe inayokumbukwa na watu mara nyingi ni ya uzinduzi.

A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz ni mfano mzuri. Kijana wa Dar es Salaam aliyeipa albamu jina la mtaa aliokulia aliamua kuizindua Nairobi, tarehe 14 Machi 2018. Ilikuwa Jumatano. Uamuzi wa mji ulizungumziwa kuliko uamuzi wa siku, na kwa haki: ulisema jambo kuhusu wapi soko la muziki wa Tanzania linapoishia. Miaka miwili baadaye, Machi 2020, Harmonize aliizindua Afro East katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, mwishoni mwa wiki, na rais mstaafu Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa wageni. Siku chache baadaye, tarehe 16 Machi, Tanzania ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona. Mikusanyiko ya namna ile haikuonekana tena kwa muda, na hapo ndipo wengi walipolazimika kufikiri juu ya kutoa muziki bila ukumbi.

Sauti Sol wa Kenya walitoa Midnight Train tarehe 5 Juni 2020, Ijumaa, wakiwa wamesaini na Universal Music. Ali Kiba alitoa Only One King tarehe 7 Oktoba 2021, Alhamisi. First of All ya Diamond, yenye nyimbo kumi, ilitoka tarehe 11 Machi 2022, Ijumaa, miezi michache baada ya kampuni yake kutangaza ushirikiano na Warner Music. Mwelekeo unaonekana bila kuhitaji maelezo marefu. Msanii anapoingia mkataba na kampuni ya kimataifa, tarehe yake huhamia Ijumaa. Anapojisimamia mwenyewe, huchagua siku kwa sababu zake: siku ya kuzaliwa, sikukuu, siku ukumbi ulipopatikana, au siku mshindani wake hakuwa na jipya.

Wala si kwamba albamu yenyewe ilikuwa kitu cha kila mwaka. Muziki wa kizazi kipya Tanzania ulikua kwa wimbo mmoja mmoja. Redio ilipiga wimbo, wimbo ukampatia msanii maonyesho, na maonyesho ndiyo yaliyomlisha. Diamond alitoa Lala Salama mwaka 2012, kisha akakaa miaka sita kabla ya albamu iliyofuata, na katika miaka hiyo sita hakuna aliyesema kwamba amepotea. Kabla ya hapo kanda za albamu ziliuzwa kwa wasambazaji wa Kariakoo, ambao aghalabu walimlipa msanii mara moja na kubaki na haki ya kunakili watakavyo. Wasanii waliopita katika biashara hiyo hawakuwa na sababu ya kuiheshimu albamu kama kitu cha thamani. Ukitaka kujua kwa nini wengi wao waliona heri kutoa wimbo mmoja na video yake, anzia hapo, usianzie kwenye uvivu.

Kampala nako uzinduzi umekuwa kwa miaka mingi tamasha zaidi kuliko bidhaa: watu hulipa kiingilio kumwona msanii, na albamu huwa ni jina la usiku ule. Kongo ina desturi yake. Albamu ya rumba husubiriwa muda mrefu, hutangazwa na kuahirishwa, na inapokuja huja na nyimbo nyingi ndefu. Fally Ipupa alipotoa Tokooos mwaka 2017, nyimbo zake zilikuwa fupi na zenye ladha ya Ulaya, na baadhi ya mashabiki wa Kinshasa walinung'unika kwamba sebene limekwenda wapi.

Kilichobadilika tangu 2021

Februari 2021 Spotify ilitangaza kuingia katika nchi mpya zaidi ya 80, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuata Novemba mwaka huo huo. Boomplay, ambayo wengi waliikuta tayari imewekwa ndani ya simu zao za Tecno, ilikuwa imetangulia. Mdundo, iliyoasisiwa Nairobi na kuruhusu watu kupakua nyimbo bure kwa kusikia matangazo, ilikuwa imeuza hisa zake katika soko la Copenhagen mwaka 2020. Kwa mara ya kwanza albamu ya msanii wa Bujumbura au Mwanza iliweza kutoka siku moja na ya Burna Boy, katika programu ile ile, bila kumpitia msambazaji wa kanda.

Faida hiyo ni ya kweli. Lakini ina upande wa pili, na huo ndio unaowahusu wasanii wadogo katika wiki zenye msongamano.

Huduma nyingi za kusikiliza muziki hukusanya fedha za wateja katika mfuko mmoja na kuzigawa kulingana na sehemu ya kila msanii katika usikilizaji wote. Msanii hapati kiasi fulani kilichowekwa kwa kila anayemsikiliza. Anapata kipande cha mkate, na ukubwa wa kipande hutegemea wengine wamekula kiasi gani. Zaidi ya hilo, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujafikisha angalau mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 iliyotangulia. Elfu moja kwa mwaka ni kama mara 20 kwa wiki. Kwa nyota hiyo ni idadi ya sekunde moja. Kwa kwaya ya kijijini, kwa kikundi cha taarabu kilichorekodi nyimbo sita baada ya kuchangishana, kwa kijana anayeimba Kiswahili katika nchi ambayo Kiswahili si lugha ya wengi, ni mstari wa kulipwa au kutolipwa. Na mstari huo hupimwa kwa kila wimbo. Wimbo mmoja wa albamu ukisikilizwa mara 8,000 na mingine tisa mara 600 kila mmoja, ni mmoja tu unaolipwa.

Hapo ndipo siku ya kutoa inapokuwa na uzito. Msanii wa namna hii hana haja ya kushindania chati ya Marekani, kwa hiyo sababu kuu iliyowafanya wakubwa waipende Ijumaa haimhusu. Kinachomhusu ni orodha za nyimbo mpya, zinazobadilika Ijumaa, na masikio ya watu wake, ambayo huenda yako wazi zaidi siku nyingine. Wako wanaoshauri njia ya kati, nami naiona ina busara: wimbo wa kwanza utoke Ijumaa, ukiwa umewasilishwa zaidi ya siku saba kabla, ili uingie katika orodha, albamu nzima itoke siku ya uzinduzi, hata ikiwa ni Jumamosi au Jumapili, wakati jamaa, majirani na waumini wenzake wamekusanyika na simu zao mkononi. Mauzo ya ana kwa ana siku hiyo, iwe ni CD, kadi ya kumbukumbu au fulana, huingia mfukoni bila kungoja mgao wa mtu.

Tahadhari moja tu. Msanii asiye na kampuni hupeleka kazi yake kupitia msambazaji wa mtandaoni, na msambazaji huyo huhitaji muda wa kuikagua na kuifikisha kwenye huduma zote. Anayeleta nyimbo Jumatano akitaka zitoke Ijumaa atakuta zimetoka katika huduma moja na hazimo katika nyingine, na wageni wa uzinduzi watatafuta jina lake wasilione. Wiki tatu kabla si nyingi. Majina ya nyimbo na ya waliotunga nayo yaandikwe vivyo hivyo kila mahali, maana herufi moja ikikosewa humgawa msanii kuwa watu wawili, na usikilizaji wake hugawanyika pamoja naye.

Kwa wasikilizaji wanaotaka kukesha, saa za kungojea hazifanani. Albamu iliyopangwa kwa saa ya kila nchi huingia saa sita usiku Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wakati Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa tano, na Kinshasa ni saa nne. Zilizopangwa kwa saa sita usiku ya New York hufika Afrika Mashariki saa moja asubuhi mwezi Julai, na saa mbili asubuhi mwezi Januari, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana katika taarifa ya mapema ya Ijumaa jina la albamu mpya kutoka Marekani huenda likatajwa, lakini msikilizaji akiitafuta papo hapo asiikute.